Maji ya Kwihara Huenda Wapi?

Watu wengi wanaofika Tabora kwa garimoshi hawakai. Waendao Mwanza huelekea kaskazini, waendao Kigoma huelekea magharibi, na mji wenyewe hubaki katika kumbukumbu zao kama njia panda ya reli tu. Hali ilikuwa hivyo hata kabla ya reli kufika hapo mwaka 1912. Misafara iliyotoka Bagamoyo iliingia Unyanyembe, ikapumzika, ikabadilisha wapagazi, kisha ikagawanyika: mmoja ukaenda Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda, na mwingine ukashika njia ya kusini-magharibi kuelekea Katanga.

Lakini kwa mtu mwenye siku mbili au tatu za mapumziko, hasa mwalimu aliyefuatana na wanafunzi wake au mzazi mwenye watoto wapendao kuuliza maswali, Tabora na vitongoji vyake vina hazina isiyopatikana kwa urahisi mahali pengine. Katika eneo dogo, swali moja kubwa la jiografia ya karne ya 19 linaweza kuonekana kwa macho, kuguswa kwa mikono, na hata kupimwa kwa kipimajoto cha maabara ya shule. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: mvua inyeshayo hapa, maji yake huenda wapi? Mahali panapofaa kuanzia ni Kwihara.

Nyumba kama kifaa

Kwihara iko upande wa kusini-magharibi ya mji, umbali usiofika kilomita 10. Njia ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Mwenye baiskeli hufika bila taabu, na vijana wenye miguu mizuri huweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Kinachotafutwa huko ni tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambalo Henry Morton Stanley alikaa mwaka 1871 na ambalo yeye na David Livingstone walikaa mwaka uliofuata. Nyumba ya asili ilibomoka. Iliyopo sasa ilijengwa upya katika miaka ya 1950, nayo ni jumba dogo la makumbusho: kuta nyekundu za udongo, ua katikati, na mlango wa mbao ulionakshiwa kwa mtindo wa pwani.

Stanley aliingia Kwihara tarehe 23 Juni 1871. Wakati huo njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe. Stanley alijiingiza upande wa Waarabu, wakashindwa vibaya, na mwezi Agosti askari wa Mirambo wakachoma sehemu za Tabora huku yeye akitoboa matundu ya kupigia bunduki katika kuta za tembe lake. Ilimbidi azungukie kusini ili apate njia, na mwezi Novemba akamkuta Livingstone Ujiji. Wawili hao walifika Kwihara pamoja tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki kungoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea, akangoja hadi tarehe 25 Agosti.

Wageni wengi husimuliwa habari hizi, hupiga picha mbele ya mlango, kisha huondoka. Ni afadhali kukawia kidogo na kuitazama nyumba yenyewe kama kifaa kilichobuniwa kwa kazi maalumu. Mgeni na aingie ndani saa nane mchana, mwezi wa Septemba au Oktoba, jua likiwa katika ukali wake, kisha aweke kiganja juu ya ukuta wa nje na baadaye juu ya ukuta wa ndani. Joto haliupiti udongo mara moja. Hupenya polepole, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka hujichukulia sehemu yake. Kwa udongo mkavu wa kawaida, ukuta wenye unene wa sentimita 40 huchelewesha wimbi la joto kwa saa 12 hivi, na pia hulipunguza hata likabakia sehemu ndogo tu ya lilivyokuwa. Joto lililopiga ukuta adhuhuri hufika ndani karibu na usiku wa manane, wakati ambapo nje kumekwisha poa na watu wanahitaji ujoto kidogo. Bati halina subira hiyo. Wanafunzi wakipima unene wa ukuta kwa shubiri, kisha wakapima joto la ndani na la nje kila baada ya saa moja, watajionea wenyewe mawimbi mawili yasiyokwenda pamoja.

Paa la udongo, hata hivyo, lina udhaifu wake. Tabora hupata mvua ya milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Paa bapa haliyamwagi maji upesi kama paa la msonge. Sharti likandikwe upya kabla ya mvua, nyufa zizibwe, na miti inayolibeba ikaguliwe kwa ajili ya mchwa. Nyumba ya namna hii ikikosa matengenezo kwa miaka michache tu, maji hupata tundu, udongo hulainika, mti ulioliwa na mchwa huvunjika, na chumba kizima huanguka. Hivyo ndivyo matembe mengi ya Unyanyembe yalivyotoweka, wala si kwa vita.

Hapa pana hatari ambayo haionekani mara moja. Mtu mwenye nia njema aonapo ukuta wa udongo unabanduka, fikira yake ya kwanza ni kuupaka saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, ilhali ukuta wa udongo hupumua: hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa hewa. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hunaswa nyuma yake, udongo hugeuka uji pole pole, na siku moja ganda zuri la saruji huanguka pamoja na nusu ya ukuta. Dawa ya udongo ni udongo, na dawa hiyo yataka fundi anayejua kuchanganya mchanga, udongo mfinyanzi na majani kwa vipimo vinavyofaa. Mafundi hao wanazidi kupungua kadiri matofali ya kuchoma na bati vinavyoenea. Akiondoka wa mwisho, jumba la Kwihara litaweza kujengwa tena kwa umbo lake, lakini si kwa tabia yake.

Haifai pia kuisifu nyumba ya udongo kupita kiasi. Katika sakafu na nyufa za nyumba za namna hii waliishi papasi, kupe wadogo wasio na ngao mgongoni, ambao hutoka usiku kunyonya damu na kurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Hao ndio waenezao homa ya papasi, ambayo hupanda, hushuka, kisha hurudi tena. Mwaka 1905 Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, aliichunguza homa hiyo katika nchi yetu na kuonyesha kwamba vijidudu vyake hupita kutoka kwa kupe mama hadi katika mayai yake. Papasi huweza kuishi muda mrefu sana bila chakula, kwa hiyo kambi iliyohamwa na msafara mmoja ilikuwa imekwisha uandalia ugonjwa msafara unaofuata. Njia ya pembe na watumwa ilikuwa pia njia ya homa.

Miezi ya mashaka

Livingstone hakubaki Kwihara kwa ajili ya kupumzika. Mwaka 1871 alikuwa amefika Nyangwe, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akauona mto Lualaba, mpana na wenye maji mengi, ukienda kaskazini. Aliamini kwamba huo ndio Nile ya juu. Mwezi Novemba mwaka huo huo, yeye na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika wakakuta mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Kwa hiyo ziwa hilo halingeweza kuwa chimbuko la Nile kwa upande ule, na tumaini lote likabaki kwa Lualaba.

Lakini mto uendao kaskazini unaweza kugeuka. Katika shajara yake ya Mei 1872, iliyoandikwa papo hapo Unyanyembe, Livingstone alikiri kwamba hana hakika, na kwamba huenda amekuwa akiufuata mto Kongo muda wote. Vitabu vya shule humsifu kwa ushupavu wake. Pengine ukurasa ule wa mashaka wastahili sifa zaidi, kwani mtu aliyekwisha poteza afya, mali na miaka kwa ajili ya wazo moja si mwepesi wa kuandika kwamba wazo hilo huenda ni la uongo.

Je, angewezaje kujua bila kuufuata mto hadi baharini? Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupima mwinuko: maji hayapandi mlima, na kama Lualaba huko Nyangwe uko chini kuliko Nile huko Gondokoro, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Juba, basi mto mmoja hauwezi kuwa mwanzo wa mwingine. Ya pili ni kupima wingi wa maji.

Mwinuko ulipimwa kwa kuchemsha maji. Maji huchemka nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Mtu apandapo, hewa iliyo juu yake hupungua, kanieneo hushuka, na maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Tabora, iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 96. Mpishi wa maharage ahamiaye Tabora kutoka Dar es Salaam hulijua jambo hili hata kama hajalisoma.

Zoezi hili lafaa sana kufanywa chini ya mti nje ya tembe. Vinavyotakiwa ni sufuria, maji safi ya mvua, na kipimajoto kilichokwisha jaribiwa. Kipimajoto kishikwe ndani ya mvuke, kisiguse chini ya chombo. Matokeo yatafundisha mambo mawili. Kwanza, kwamba kweli maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kwamba wanafunzi kumi watasoma namba zinazotofautiana. Mmoja ataona 96, mwingine 95 na nusu, mwingine 97. Kosa la nyuzi 1 ni mita 300 za mlima ambao haupo. Kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi ni mita 30. Aidha, kanieneo ya hewa hubadilika kwa saa na kwa hali ya mbingu hata kama kipimajoto hakikusogezwa. Wasafiri wa zamani walikuwa na vipimajoto bora kuliko vya shule, lakini hata wao waliibeba Afrika nzima juu ya makosa ya makumi ya mita.

Na waliobeba hasa hawakuwa wao. Vipimo vya kioo na zebaki vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, mzigo wa kilo 30 au zaidi kwa miezi mitatu au minne ya njia. Pamoja nao, katika njia ile ile, walipita watu waliofungwa minyororo ambao hawakulipwa kitu. Mpagazi akijikwaa, kipimo huvunjika, na ramani ya Ulaya hupungukiwa na mto. Jumba la Kwihara laitwa kwa jina la Livingstone. Lingeweza kwa haki kabisa kuitwa kwa jina la watu hao.

Wawili kati ya wenzi wake, Susi na Chuma, walirudi Kwihara mwezi Oktoba 1873. Livingstone alikuwa amefariki tarehe 1 Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, nao na wenzao walikuwa wameukausha mwili wake na kuubeba. Walimkuta hapo Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada, akiwa mgonjwa wa homa na macho. Cameron alishauri mwili uzikwe pale pale. Wapagazi walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Cameron alichukua baadhi ya vipimo vya marehemu ili avitumie katika safari yake mwenyewe, jambo ambalo wapagazi hawakulifurahia. Alifika Nyangwe Agosti 1874. Vipimo vyake vilionyesha Lualaba uko chini kuliko Nile ya Gondokoro, na kwamba hata wakati wa kiangazi maji yake ni zaidi ya mara tano ya yale ya Nile mahali hapo. Hoja ya mwinuko ilikuwa na udhaifu uliokwisha elezwa. Hoja ya wingi wa maji ilikuwa ngumu zaidi kuipinga: mto haupungui mara tano kadiri unavyoteremka, isipokuwa upitie jangwa, na hakuna jangwa hapo. Stanley ndiye aliyemaliza ubishi kwa njia ya gharama kubwa kuliko zote. Aliushika Lualaba kutoka Nyangwe Novemba 1876, akatokea Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, Agosti 1877. Lualaba ni Kongo.

Siku ya pili: bwawani

Siku inayofuata na itumike kaskazini ya mji, kwenye bwawa la Igombe. Ni mahali pazuri pa kutandika mkeka na kutazama ndege, lakini watoto wasiruhusiwe kuingia majini. Katika mabwawa ya ukanda huu hapana budi kujihadhari na mamba, na konokono wa kichocho hawaonekani kwa haraka.

Njiani inafaa kutazama udongo. Nchi ya Unyamwezi ni ya mawe ya itale yaliyochakaa kwa muda mrefu mno, yenye miinuko isiyo mikali. Juu ya mwinuko udongo ni mwekundu. Katikati ya mteremko huwa wa kijivu na wenye mchanga. Chini kabisa, mbugani, ni mweusi, hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ni maji ndiyo yafanyayo mpangilio huu, kwa kuchukua chembe na madini kutoka juu na kuyaweka chini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, aliupa mpangilio huo jina la katena, yaani mnyororo, katika miaka ya 1930, na jina hilo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote.

Mto Igombe huenda magharibi na kuungana na Malagarasi. Mito ya kusini ya Tabora hupitia Ugalla, nayo pia huishia Malagarasi. Kwa hiyo tone la mvua lililoangukia paa la tembe la Kwihara, kama halikukauka njiani, lina njia moja tu. Litapita katika maeneo makubwa ya vinamasi ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yaliorodheshwa kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kisha litaingia Ziwa Tanganyika, mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka ziwani mlango ni mmoja, mto Lukuga upande wa magharibi, unaomwaga maji yake katika Lualaba. Mtu aliyekaa Kwihara miezi mitano akijiuliza kama Lualaba ni Nile au Kongo, alikuwa amekaa juu ya ardhi ya bonde la Kongo lenyewe.

Je, angeweza kulijua hilo kwa kutazama tu maji yanavyoteremka? Hapana, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Ziwa Tanganyika hupoteza sehemu kubwa kabisa ya maji yake kwa mvuke. Kinachotoka kwa Lukuga ni kidogo. Mvua ikipungua kwa miaka mingi, ziwa hushuka, mkondo hukauka, na mchanga na matete huuziba. Hali ilikuwa karibu na hiyo zama za Livingstone. Cameron aliiona Lukuga Mei 1874, imejaa mimea, maji yakitembea kwa uvivu, akasema huu ndio mlango wa ziwa. Stanley alifika mwaka 1876, akakuta karibu hakuna mkondo, akakataa kwamba ni mlango uliokwisha funguka. Joseph Thomson alifika mwaka 1879 akakuta mto wenye nguvu. Katikati hapo ziwa lilikuwa limepanda, likavunja kizuizi, na kutoka. Kwa miaka kama 15 iliyofuata usawa wake ukashuka kwa kiasi cha mita 10. Kwa hiyo Cameron, Stanley na Thomson hawakusema uongo hata mmoja. Walipima kitu kinachobadilika, kila mmoja kwa mwaka wake, na mwaka 1872 jibu la kweli kwa swali la Kwihara huenda lilikuwa kwamba maji yake hayaendi baharini kabisa.

Mnyapara wa msafara wa Thomson alikuwa Chuma yule yule.

Kaskazini zaidi ya Igombe mambo hubadilika tena. Maji ya mto Manonga hugeuka mashariki kuelekea Wembere na Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo, yakiwa mengi, hufika Ziwa Eyasi, ambako hakuna njia ya kutokea. Ukiendelea kaskazini hadi Usukuma, mito huingia Ziwa Viktoria, nayo ndiyo Nile. Mabonde matatu, basi, yanapakana katika nchi hii isiyo na mlima hata mmoja wa kujivunia. Mwendesha gari kutoka Tabora hadi Mwanza huvuka mipaka hiyo bila kubadilisha gia.

Miembe, na mengineyo

Mgeni yeyote wa Tabora huiona miembe mikubwa ya kale. Mwembe asili yake ni India na nchi za jirani zake, nao ulifuata misafara kutoka pwani. Simulizi maarufu husema kwamba miti hii iliota kutoka katika kokwa zilizotupwa njiani na watumwa na wapagazi. Simulizi hiyo yahitaji kuchunguzwa. Mbegu ya embe haina subira kama ya mahindi; ikikauka hufa, na mara nyingi hufa baada ya majuma machache tu. Burton na Speke, waliofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Embe lililoliwa Bagamoyo lisingeota Tabora. Linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba mwembe ulitembea kituo kwa kituo, kila bustani ya wenyeji na wafanyabiashara ikizaa mbegu za kituo kinachofuata, au kwamba miche ilibebwa na kumwagiliwa maji. Kama ni hivyo, mstari wa miembe ni alama ya watu waliokusudia kukaa, si ya waliopita tu.

Kuujua umri wa mwembe mmoja mmoja ni kazi ngumu. Njia ya kaboni, inayotumiwa kwa mifupa na makaa ya kale, haina msaada mkubwa kwa miti ya karne tatu zilizopita, kwa sababu katika kipindi hicho kiasi cha kaboni yenye mnururisho angani kilipanda na kushuka hata miaka mbalimbali ikatoa jibu moja. Bado inawezekana kuipima mizingo ya miti, kuiandika, na kuiweka kwenye ramani pamoja na mahali palipokuwa na matembe. Shule yoyote ya Tabora yaweza kuifanya kazi hiyo kwa kamba na daftari. Miembe hiyo inazeeka na kuanguka, na mti ukisha kuwa kuni hauna tena cha kumweleza mtu. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na kituo cha Kwihara, iliingizwa na Tanzania katika orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Miti haikai foleni kungoja orodha.

Mwenye siku ya tatu hatakosa pa kwenda. Mjini lipo Boma la Wajerumani, na ipo Shule ya Tabora alikosomea Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937. Kaburi la Mtemi Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, liko Urambo, safari ya kutwa nzima kwenda na kurudi. Wapendao kilimo waulize habari za kituo cha utafiti cha Tumbi. Wapendao asali na waende miomboni wakati miti inapotoa majani mapya mekundu, kabla ya mvua, wakaone mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya matawi. Nao wahesabu pia miti iliyokufa kwa kuchunwa magome hayo, jambo linalofanya wataalamu wa nyuki kupendelea mizinga ya mbao.

Arudipo mjini jioni, mgeni atafungua bomba anawe vumbi la Kwihara. Kwa miaka mingi maji ya Tabora yalitoka katika mabwawa ya Igombe na Kazima. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi unaoleta maji ya Ziwa Viktoria hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, chini ya Tabora, kwa hiyo ni lazima maji yasukumwe kwa pampu kuuvuka mpaka wa mabonde ambao yasingeuvuka kwa nguvu yake yenyewe. Maji hayo ni ya Nile. Yakisha kunawisha mikono, yasipokauka, hufuata mteremko wa Unyamwezi kuelekea Malagarasi, Tanganyika na Lukuga.